Jina la Kaka, Pesa za Dada: Namna ya Kulinda Fungu Lako Katika Ardhi Mliyonunua Pamoja

Dada amefanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba kwa miaka saba. Kila mwezi alimtumia kaka yake pesa: kwanza za ploti Mtwapa, halafu za mawe, halafu za mabati, halafu za fundi. Siku anaporudi anaikuta nyumba imesimama, imepakwa rangi, ina wapangaji wawili, na hatimiliki ina jina moja tu, la kaka. Akiuliza, anajibiwa kwa upole: "Si ulinisaidia tu, dada yangu? Mungu akuzidishie."

Kisa hiki nimekiunga kutokana na vingi vinavyofanana, na huenda nawe unakijua cha jirani yako. Nimekiweka mbele kwa ajili ya lile neno "ulinisaidia". Kesi nzima itazunguka hapo. Pesa zile zilikuwa msaada, zilikuwa mkopo, au zilikuwa za kununua? Ninayoyaeleza hapa ni ya sheria za Kenya. Kama ardhi yako iko Tanzania au Uganda, huko kuna sheria nyingine na mabaraza mengine, usizichanganye.

Hatimiliki si mwisho wa maneno

Watu wengi hukata tamaa mapema mno. Wanaambiwa "jina si lako" wanakunja virago. Ni kweli kwamba Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaipa hatimiliki nguvu kubwa: mahakama inaanza kwa kuamini kwamba aliyetajwa ndiye mwenye mali. Lakini kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo kinasema kuandikishwa hakumwondolei mtu wajibu alio nao kama ameshika mali kwa amana. Na kifungu cha 28 kinaziweka amana, zikiwemo za kimila, miongoni mwa haki zinazoishika ardhi hata kama rejista haizitaji.

Amana ni jambo tunalolijua tangu utotoni. Jirani akisafiri akakuachia mbuzi wake, mbuzi watalala zizini mwako, utawalisha, wapita njia watadhani ni wako. Akirudi ni wake, na waliozaliwa pia. Ardhi nayo yaweza kulala katika jina la mtu kwa namna hiyohiyo.

Mahakama huitambua amana ya ununuzi wa pamoja kwa njia mbili. Ya kwanza hutazama mfuko: aliyelipa bei, hata kama jina si lake, mali inamrudia kwa kadiri ya alicholipa, isipokuwa ionekane kwamba alikusudia kutoa zawadi au kukopesha. Ya pili hutazama maelewano: kama mlikubaliana, kwa maneno au kwa matendo, kwamba mali ni yenu wote, na wewe ukatoa pesa au ukajinyima kwa kutegemea hilo, mahakama haitamruhusu mwenzako ageuke kwa sababu tu jina ni lake.

Tofauti hii si ya wanasheria peke yao. Njia ya kwanza imefungamana na siku ya ununuzi. Pesa za mabati ulizotuma miaka mitatu baada ya ploti kulipiwa hazikai vizuri humo. Kwa hizo utahitaji njia ya pili, uonyeshe kwamba ulijenga kwa sababu mlikwisha kuelewana. Mwambie wakili wako tangu siku ya kwanza pesa ipi ilikwenda wapi na lini, ili adai kwa njia zote mbili.

Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilipita katika hiyo njia ya pili. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka mingi walikuwa wakigombea mali iliyoko Dagoretti, Nairobi, iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewahesabu kuwa mume na mke na kuwagawia nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikasema ndoa haikuwapo, kwa kuwa mwanamke alikuwa bado katika ndoa nyingine. Hata hivyo mwanamume hakuondoka mikono mitupu. Majaji waliona kwamba wawili hao walikusudia mali iwe ya wote na kwamba naye alichangia, wakampa asilimia 30 na mwanamke asilimia 70. Wanaoishi pamoja bila ndoa wakinunua ploti wanapaswa kuujua uamuzi huu, kwa sababu unawafungulia mlango, na kwa sababu mlango wenyewe unafunguka tu kwa ushahidi wa makusudio na wa mchango.

Kama mmeoana, unaanzia mbele kidogo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ameishika kwa amana ya mwenzake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote, mafungu yanachukuliwa kuwa sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mchango si pesa tu: kupika, kulea watoto, kusimamia duka, kulima, vyote vimetajwa. Lakini usidanganyike kwamba nusu ni yako moja kwa moja. Siku hiyohiyo ya Januari 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ilisema Katiba inawapa wanandoa haki sawa bila kumpa kila mmoja nusu ya mali. Kila upande uthibitishe alichochangia. Mke katika kesi ile alipata nusu kwa sababu aliithibitisha. Huhitaji kusubiri talaka ili kuiomba mahakama itamke haki yako. Na kwa wasomaji Waislamu, sheria hiyo inawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, kwa hiyo muulize wakili kuhusu Mahakama ya Kadhi kabla ya kufungua faili popote.

Wanaodai shamba la babu lililoandikwa jina la mtoto mkubwa wana njia yao, ya amana ya kimila, ambayo Mahakama ya Juu iliiimarisha mwaka 2018. Si lazima uwe unaishi juu ya ardhi hiyo ili uidai. Hilo ni somo kubwa na halitatosha hapa.

Fanya haya kabla ya kugombana

Ukisikia fununu kwamba mwenzako anataka kuuza, usianze kwa kelele. Anza na rejista. Chukua nambari ya ploti uombe upekuzi rasmi, sachi kama wengi wasemavyo, kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti au kupitia mtandao wa Ardhisasa kwa maeneo yaliyokwisha kuingizwa humo. Utaona jina la nani limeandikwa, tangu lini, na kama kuna rehani ya benki. Nimeona watu waliogombana na ndugu mwaka mzima ilhali ardhi ilikuwa bado ina jina la muuzaji wa kwanza.

Kisha weka tahadhari, ile wengi huiita kaveati. Ni fomu unayoijaza pamoja na kiapo kinachoeleza unadai nini na kwa msingi gani. Ikiandikwa kwenye rejista, uuzaji au rehani haiwezi kupita kabla hujaondoa tahadhari yako au kabla haijaondolewa kwa utaratibu. Msajili atamjulisha mwenye jina, kwa hiyo jua kwamba siku hiyo ugomvi utatoka nje. Ukipokea barua kwamba tahadhari itaondolewa, jibu ndani ya muda uliotajwa, ukinyamaza, inaondoka. Na usiiweke kwa hasira bila msingi, kwani aliyeweka tahadhari bila sababu ya haki anaweza kutozwa fidia.

Kwa nini haraka? Kwa sababu ardhi ikishauzwa kwa mtu aliyenunua kwa nia njema bila kujua habari zako, kuirudisha ni shida kubwa mno. Utabaki unamdai ndugu yako pesa, na ndugu aliyeuza nyumba huenda pesa amekwisha kuzila.

Karatasi zinazopigana vita

Mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Ndivyo Sheria ya Ushahidi inavyosema. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jaji hakuwapo mlipokuwa mkipanga sebuleni, atajua tu utakachomwekea mezani.

Pesa kwanza. Omba taarifa za M-Pesa, za benki na za kampuni uliyotumia kutuma pesa kutoka nje, tena mapema, maana kumbukumbu hazihifadhiwi milele. Zipange kwa tarehe, na pembeni ya kila kiasi uandike kilichotokea wiki hiyo. Ukionyesha kwamba tarehe 3 ulituma shilingi 400,000 na tarehe 5 muuzaji akapokea shilingi 400,000, umeokoa saa nzima ya maneno. Risiti za duka la vifaa vya ujenzi, zile za karatasi laini ya mashine, hufifia. Baada ya miaka miwili mitatu unabaki na karatasi nyeupe. Zitoe nakala leo, uzipige picha.

Halafu maneno yaliyoandamana na pesa. Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kushinda. Ujumbe usemao "Nimetuma laki na nusu za ploti yetu" una uzito tofauti kabisa na "Nimekutumia kidogo, jisaidie." Tafuta kila mahali mwenzako alipoandika "yetu", "nyumba yako", "wapangaji wako", "nimekuwekea". Sauti za WhatsApp ambamo kaka anamwambia dada "chumba chako nimekiwekea vigae" ni dhahabu. Usifute simu ya zamani wala kuiuza. Mahakama hupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini hutaka cheti kinachoeleza ulitolewa katika chombo gani na kwa namna gani, na picha ya skrini iliyokatwakatwa huzua mashaka. Peleka mazungumzo yote, hata yale yanayokuumiza kidogo. Wakili wa upande wa pili atayatoa tu.

Kama bado mnazungumza kwa amani, una nafasi ambayo wengi hawanayo. Mwandikie kwa utulivu: "Kaka, nataka tuweke hesabu sawa. Ploti nilituma laki nne, wewe ukaongeza laki moja. Ujenzi nimetuma hizi na hizi. Tuliafikiana nyumba ni yetu sote. Nimesahau kitu?" Jibu lake, hata likiwa la kusahihisha tarakimu moja tu, ni ushahidi. Usitie chumvi. Ukidai ulilipa yote ilhali alilipa humusi, hakimu atakushuku hata kwenye ulichokilipa kweli.

Mashahidi ni wa tatu, na watu huwasahau. Muuzaji wa ploti ndiye bora kuliko wote, kwa kuwa hana undugu na yeyote: alijua pesa zinatoka kwa nani, alimwona nani akija kupima mipaka. Fundi mkuu anajua nani aliamua vyumba viwe vingapi. Wapangaji wanajua kodi inakwenda wapi. Chukua majina na nambari zao sasa, watu huhama na hufa.

Halafu jiandae kwa majibu matatu ambayo hayakosi. La kwanza ni zawadi, na utalijibu kwa mazungumzo yenu, kiasi cha pesa na hali yako: mfanyakazi wa nyumbani hampi mtu zawadi ya mapato yake ya miaka saba huku yeye mwenyewe hana pa kulala. La pili ni mkopo. Hili ni la hatari kuliko linavyosikika, kwa sababu likikubaliwa utarudishiwa shilingi zako bila sehemu ya ardhi, hata kama ploti imepanda bei mara kumi. Kwa hiyo angalia usije wewe mwenyewe ukaandika kwa hasira "nirudishie pesa zangu". Andika "nataka fungu langu la nyumba". La tatu ni kwamba hakuna mkataba ulioandikwa. Ni kweli Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, uliotiwa saini na kushuhudiwa. Lakini kifungu hichohicho, cha 3, kinasema hakigusi amana zinazozaliwa na malipo au na mwenendo wa watu. Jibu la tatu basi halifungi mlango.

Muda nao utatajwa. Dai la ardhi kwa kawaida hufa baada ya miaka 12. Anayemdai mshika amana mali ya amana aliyo nayo ana kinga katika kifungu cha 20 cha Sheria ya Ukomo wa Muda, lakini usiitegemee ukalala. Mashahidi hawana kinga hiyo.

Kupatana, na kushitakiana

Peleka kwanza barua ya madai kupitia wakili. Kisha jaribu usuluhishi, kwa wazee, kwa viongozi wa dini, au kwa msuluhishi anayetambuliwa na mahakama. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza njia hizi. Mkikubaliana, andikeni, mtie saini, mlipie ushuru wa stempu, kwa kuwa karatasi isiyolipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa kesi ikija.

Isipowezekana, dai la umiliki linakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu mwenye mamlaka ya mambo ya ardhi ikiwa thamani haizidi kiwango chake. Kwa hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Omba kila unachokihitaji tangu mwanzo: mahakama itamke kwamba ameshika mali kwa amana yako, itaje fungu lako kwa asilimia, iamuru rejista irekebishwe, itoe zuio la muda ili asiuze kesi ikiendelea, na adaiwe hesabu ya kodi aliyoipokea. Hilo la mwisho watu hulisahau. Fungu likishatajwa, mnaweza kuomba ardhi igawanywe, au iuzwe mgawane pesa ikiwa haigawanyiki. Mara nyingi mmoja humnunua mwenzake, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko mnada.

Mwenye jina akifa, mambo huharakishwa na wengine. Mjane na watoto watakuta hatimiliki ya marehemu na kwa nia njema kabisa wataiingiza katika mirathi. Tazama tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali; humo hutolewa siku 30 za kuweka pingamizi. Eleza kwamba hudai urithi. Unadai mali yako iliyokuwa kwa marehemu, na mahakama ya mirathi inaweza kuliweka kando fungu hilo mpaka umiliki wake uamuliwe. Weka na tahadhari kwenye rejista. Na mwendee mjane kabla ya wakili wako kumwendea. Huenda hajui lolote.

Kabla ya kununua

Mkiwa ndiyo kwanza mnachanga, rahisi kuliko yote ni majina ya wote kwenye hatimiliki, pamoja na mafungu yao. Msipotaja aina ya umiliki, sheria huchukua kwamba mafungu ni sawa, hata kama mmoja alitoa robo tatu. Kama jina lazima liwe moja, labda kwa sababu mwingine yuko ng'ambo, andikeni hati ya amana: nani alitoa kiasi gani, mafungu ni yapi, nani atapokea kodi, nani atalipa ada za kaunti, na mmoja akifa au akitaka kutoka itakuwaje. Sheria ya Usajili wa Ardhi inaruhusu mtu aandikishwe akiwa ametajwa kuwa ni mshika amana, na hati ya amana iwekwe kwa msajili ihifadhiwe. Wachache sana huitumia nafasi hii. Na mkinunua kama chama, kumbukeni kwamba chama kisichosajiliwa hakiwezi kuandikwa kwenye hatimiliki. Mkiweka majina ya mwenyekiti na mweka hazina bila hati kama hiyo, mnawapa ploti. Sajilini kampuni, au hati hiyo iandikwe na itiwe saini na wanachama wote.

Onyo moja kwa walio Pwani na kwa waliochukua uraia wa nje wakaacha wa Kenya. Kifungu cha 65 cha Katiba hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa upangaji usiozidi miaka 99. Tena kinasema ardhi iliyoshikwa kwa amana itahesabiwa ya raia ikiwa tu wote wanaofaidika ni raia. Mgeni anayemnunulia mpenzi wake kiwanja akidhani atakuja kukidai chote kwa njia ya amana, asifanye hivyo kabla ya kumwona wakili.

Nawe ambaye jina lako ndilo liko kwenye hatimiliki, na moyoni unajua pesa hazikuwa zako zote, mwandikie mwenzako fungu lake wiki hii, mkiwa bado mnakula sahani moja. Mkeo na watoto hawakuwapo mlipoahidiana, na siku ukiondoka watakachokiona ni jina lako peke yake.